Mlolongo hadi Mariakani: lori hupimwa, gari lako je?

IWAPO umewahi kuteremka Mombasa kwa barabara, msomaji mpendwa, bila shaka umepita katika mji wa Mlolongo. Ni mji ulioko Kaunti ya Machakos, mwendo mfupi tu kutoka jijini Nairobi. Tangu 2022, hapo ndipo inapoanzia ile barabara ya juu, Expressway, inayokwenda hadi Westlands.

Jina la mji huu halikutoka kwa chifu wala kwa mlima. Lilitoka kwa malori. Hapo pana kituo cha mizani, na kwa miaka mingi malori yalipanga foleni ndefu kando ya barabara yakisubiri kupimwa uzani.

Wazee wakisikia neno mlolongo hukumbuka uchaguzi wa 1988, wapiga kura walipopangwa nyuma ya wagombeaji wao. Lakini mlolongo uliozaa mji huu ulikuwa wa magari ya mizigo. Malori yaliposimama, wakaja wauza chai. Baada ya wauza chai wakaja wenye vyumba vya kulala na mafundi wa pancha. Hivyo ndivyo mji ulivyokua.

Ukiendelea na safari, zaidi ya kilomita 400 mbele utakuta Mariakani, Kaunti ya Kilifi. Huko pia pana mizani. Lori litokalo Bandari ya Mombasa hupimwa karibu na pwani, na likifika mlangoni mwa Nairobi hupimwa tena.

Sasa fikiria, msomaji. Baina ya mizani hizo mbili hupita magari mengi ambayo hayapimwi na mtu yeyote. Ni magari ya familia: baba, mama, nyanya na watoto wakielekea Pwani kwa likizo au mashambani kwa Krismasi. Lori lililobeba saruji limepimwa. Gari lililobeba watoto halijapimwa.

Huu ndio ujumbe wa makala haya. Ikiwa hakuna anayekupima, jipime mwenyewe. Kisha tia upepo wa tairi kulingana na mzigo uliopima, wala si kulingana na mazoea.

Nyumba juu ya magurudumu

Miaka ya nyuma, gari-nyumba lilikuwa kitu cha watalii. Tuliwaona wakipita na magari yenye vitanda, jiko na tangi la maji, wengine wakiwa wametoka Ulaya na nia yao ni kufika Cape Town. Siku hizi mambo yamebadilika. Familia za jijini nazo hukodi magari ya aina hiyo, au yale yenye hema juu ya paa, zikaenda kupiga kambi Tsavo au ufuoni mwa bahari.

Isitoshe, hata asiyekodi gari-nyumba hujitengenezea lake kila Desemba. Itazame Nissan ya familia ikiondoka Eastlands alfajiri. Juu ya keria pamefungwa magodoro, meza na baiskeli ya mtoto. Nyuma mna mtungi wa gesi, madumu ya maji, bunda la unga, sukari na zawadi za shangazi. Ndani wamebanana watu wa vizazi vitatu. Je, hiyo si nyumba inayotembea?

Tofauti ni kwamba nyumba hukaa juu ya msingi wa mawe. Gari hukaa juu ya tairi nne, na kila tairi hugusa lami kwa sehemu inayokaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Uhai wa jamaa nzima umelala juu ya viganja vinne.

Somo la mkokoteni

Kwa lugha ya mizani, ekseli ni jozi ya magurudumu yaliyo katika mstari mmoja, la kushoto na la kulia. Gari dogo lina ekseli mbili, ya mbele na ya nyuma. Malori marefu huwa na sita au saba.

Ukitaka kujua jinsi ekseli inavyobeba mzigo, huna haja ya kwenda chuo kikuu. Nenda Soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, umtazame msukuma mkokoteni. Hupanga magunia yake ya viazi yakae juu ya ekseli hasa. Akiyarundika nyuma, mikono ya mkokoteni huinuka na kumning'iniza hewani. Akiyarundika mbele, mzigo wote humlemea mikononi.

Gari lako hufuata kanuni iyo hiyo. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita tatu. Nawe ukafunga mzigo wa kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, pale ambapo wengi hutundika baiskeli au tangi la maji. Ekseli ya nyuma haitaongezewa kilo 100. Itaongezewa takriban kilo 133, kwa maana kilo 33 zimeondolewa ekseli ya mbele na kuhamishiwa huko.

Matokeo yake ni kuwa usukani huwa mwepesi kupita kiasi, breki za mbele hazishiki vyema, na usiku taa zako humulika matawi ya miti badala ya barabara.

Ndiyo maana wapimaji wa Mlolongo na Mariakani hawatosheki na uzani wa jumla. Huangalia kila ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzani wa magari, ya mwaka wa 2013, inahusu magari ya tani tatu na nusu kwenda juu. Ekseli ya mbele yenye usukani haitakiwi kuzidi tani 8. Ekseli moja yenye tairi nne haitakiwi kuzidi tani 10. Lori lenye ekseli saba haliruhusiwi kuzidi tani 56 kwa jumla.

Lori laweza kuwa chini ya tani hizo 56 na bado dereva akatiwa hatiani, kwa sababu ekseli moja imebebeshwa mzigo wa mwenzake.

Kwa nini serikali ijali ekseli moja? Kati ya 1958 na 1960, wahandisi nchini Marekani waliendesha malori juu ya barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois. Waligundua kwamba uharibifu wa barabara haupandi sawasawa na uzani. Ukiongeza uzani wa ekseli maradufu, uharibifu hupanda takriban mara 16. Wanafunzi watatambua hesabu hiyo: 2 × 2 × 2 × 2.

Sheria ya malori inalinda barabara. Gari lako dogo halitaibomoa lami. Litakalobomoka ni lenyewe, kuanzia tairi.

Haba na haba hujaza kibaba

Kila gari lina kibandiko au kibati cha chuma, aghalabu kwenye mlango wa dereva au chini ya boneti. Hicho hutaja uzani wa juu kabisa ambao gari linaweza kuwa nao likiwa limepakiwa. Mengi, hasa gari-nyumba, hutaja pia kiwango cha kila ekseli.

Hebu tuchukue mfano. Gari-nyumba limeandikwa kilo 3,000 kwa jumla, kilo 1,350 ekseli ya mbele na kilo 1,750 ekseli ya nyuma. Ukijumlisha ekseli mbili unapata kilo 3,100. Hiyo si ruhusa ya kupakia kilo 3,100. Viwango vyote vitatu sharti vitimizwe kwa pamoja.

Likiwa tupu, na vitanda na makabati yake, gari hilo lina kilo 2,250. Umebakiwa na kilo 750. Utasema hizo ni nyingi. Mpe mwanao kalamu na karatasi mhesabu pamoja.

Watu wazima wanne, kwa kilo 70 kila mmoja, ni kilo 280. Watoto wawili ni kilo 60. Maji lita 80 ni kilo 80, kwani lita moja ya maji ni kilo moja. Mtungi wa gesi ya kilo 13 haumalizikii hapo. Hiyo 13 ni gesi peke yake, na ukijumlisha na chuma chake unakaribia kilo 27. Dizeli lita 70 ni karibu kilo 60. Hema, magodoro na viti ni kilo 70. Mabegi sita ya kilo 12 ni kilo 72. Chakula, sufuria na sanduku la barafu ni kilo 60.

Jumla ni kilo 709. Umebakiwa na kilo 41, nawe bado hujatoka Nairobi.

Kisha unafika Emali. Wachuuzi wanakuzunguka na machungwa, maembe na asali, na bei ni nafuu kuliko ya jijini. Nani atakataa? Wakati wa kurudi, kuna nazi na korosho za Pwani ambazo jirani alikuagiza. Haba na haba hujaza kibaba, na kilo 41 huisha kabla hujafunga mlango.

Mbele kidogo ni Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926. Wasafiri wa dini na makabila yote hulishwa hapo bila malipo. Ni mahali pazuri pa kupumzika. Lakini usidhani kwamba ukila akiba yako ya chakula njiani umepunguza mzigo. Kikitoka sufuriani na kuingia tumboni, kilo ni zile zile.

Dawa ni kupima. Machimbo ya kokoto, maghala ya nafaka na viwanda vingi huwa na mizani ya malori. Omba ruhusa, na wakitoza ada, lipa. Nenda ukiwa umepakia kila kitu, tangi la mafuta likiwa limejaa na jamaa wote wakiwa ndani.

Pandisha magurudumu ya mbele peke yake na uandike uzani. Songa hadi gari zima liwe juu ya mizani, uandike. Kisha songa tena ili magurudumu ya nyuma pekee yabakie juu, uandike. Mbele na nyuma ukijumlisha, jibu litakaribiana na lile la gari zima. Ikiwa tofauti ni kubwa, rudia.

Katika mfano wetu, huenda ukapata jumla ya kilo 2,960. Mbele ni kilo 1,130 na nyuma ni kilo 1,830. Kwa jumla uko salama. Lakini ekseli ya nyuma imezidi kwa kilo 80, na wewe usingejua kamwe kwa kutazama kwa macho. Sogeza madumu ya maji, gesi na vyakula vizito vikae chini, katikati ya ekseli mbili. Baiskeli iliyoning'inia nyuma ibaki nyumbani. Rudi kwenye mizani, na huenda sasa ukapata kilo 1,720 nyuma. Umevuka mtihani.

Isome tairi

Mtito Andei ndipo katikati ya safari. Mabasi husimama hapo, na harufu ya nyama choma hukupokea kabla hujazima gari. Wakati watoto wanakimbilia msalani, wewe inama usome ubavu wa tairi yako. Wengi wetu tumemiliki gari kwa miaka bila kusoma maandishi hayo.

Tairi ya gari la mizigo midogo inaweza kuandikwa 195R15C 106/104. Namba 195 ni upana wake kwa milimita. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi C inaonyesha kwamba ni tairi ya gari la kazi. Namba 106 ni fumbo: maana yake ni kwamba tairi hiyo inaweza kubeba kilo 950 ikiwa peke yake upande mmoja. Namba 104 ni kilo 900, pale ambapo tairi mbili zimefungwa pamoja kila upande.

Tairi ya gari dogo la kawaida mara nyingi huwa na namba kama 91, ambayo ni kilo 615. Sasa fanya hesabu. Tairi nne za kilo 615 ni kilo 2,460. Ukizifunga kwenye gari la kilo 3,000 kwa sababu rimu inaingia na bei ni nafuu, umembebesha mtoto gunia la baba yake. Kwa hivyo unaponunua tairi, usiulize saizi pekee. Uliza na namba ya mzigo.

Tuje kwa upepo. Kuna jambo ambalo madereva wengi hawajaambiwa: mpira wa tairi haubebi gari. Upepo ulio ndani ndio unaobeba. Tairi ya mfano wetu hufikia uwezo wake wa kilo 950 ikiwa na upepo wa pauni 65 kwa kila inchi mraba, zile ambazo kipimo huziandika PSI. Ukiitia pauni 32, uwezo wake hupungua vibaya, hata kukaribia nusu.

Lakini ukiingia kituo cha petroli, mhudumu akuuliza, "Ngapi?" nawe unajibu, "Weka thirty-two." Ni jibu la mazoea. Ulilisikia kwa baba yako, naye alikuwa na gari tofauti, tairi tofauti na mzigo tofauti.

Wengine hukosea upande wa pili. Huona kiwango cha juu kabisa kilichoandikwa kwenye ubavu wa tairi, wakakijaza. Kile ni kikomo cha tairi, si agizo la gari lako. Upepo ukizidi mahitaji, tairi hukanyaga kwa katikati pekee. Hulika upesi, hushika barabara vibaya wakati wa mvua, na ikiingia shimoni huumia.

Jibu sahihi liko kwenye kibandiko cha gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Huwa na viwango viwili: cha gari lenye watu wachache, na cha gari lililopakiwa. Safari ya Pwani ni ya kiwango cha pili.

Ikiwa umepima ekseli zako, unaweza kufanya vyema zaidi. Ekseli yetu ya nyuma ina kilo 1,720. Ukigawanya kwa mbili unapata 860 kila upande. Hata hivyo, mizigo haikai sawa. Jiko na maji vikiwa upande wa kushoto, huenda kushoto ni kilo 900 na kulia ni 820. Tumia ule upande mzito. Mwulize muuzaji wa tairi akuonyeshe jedwali la mtengenezaji, linalotaja upepo wa kila uzani, kisha utie upepo wa kilo 900 kwenye tairi zote mbili za ekseli hiyo. Usiende chini ya kibandiko cha gari, wala usizidi kikomo cha tairi au cha rimu.

Namba za mfano huu ni za mfano. Gari lako lina zake.

Uongo wa joto

Kutoka Mtito Andei kwenda mbele, nchi huteremka na jua huwaka. Hapo ndipo utakapompata mshauri wa barabarani. Atakuambia, "Mzee, punguza upepo. Huko mbele ni moto, tairi zitapasuka."

Ushauri huo umekuwa kama sala ya wasafiri, nao ni hatari. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hupinda zaidi kila gurudumu linapozunguka. Tairi ya mfano wetu huzunguka karibu mara 480 kwa kila kilomita. Kutoka Nairobi hadi Mombasa hiyo ni zaidi ya mara 200,000.

Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua haraka, kisha ukiguse. Kina moto. Ukiendelea, kinakatika. Hivyo ndivyo ubavu wa tairi unavyofanya. Joto linalopasua tairi halitoki juani kama wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa hutengenezwa na tairi yenyewe, kwa sababu ya upepo mchache, mzigo mwingi na kasi. Anayepunguza upepo ili kupunguza joto anatia kuni motoni.

Ni kweli kwamba baada ya mwendo mrefu kipimo chako kitaonyesha pauni kadhaa zaidi. Hilo ni jambo la kawaida na watengenezaji wamelizingatia. Usiutoe upepo huo. Upepo hupimwa tairi ikiwa baridi, asubuhi kabla ya safari, au gari likiwa limesimama kwa muda wa saa tatu hivi. Ukiutoa tairi ikiwa moto, ikipoa utakuwa umeishiwa.

Kasi nayo ina sehemu yake. Kanuni za 2003, zilizoitwa za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, ziliwekea matatu ndogo kikomo cha abiria 14 na mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Ikiwa gari lako la familia limepakiwa kama matatu, basi mwendo wa matatu ndio unaolifaa.

Kila Januari tunasoma habari za ajali zenye maneno yale yale: tairi ilipasuka, dereva akashindwa kulidhibiti gari. Kisha tunaambiana kwamba ajali haina kinga. Zipo zisizo na kinga, la kuhuzunisha. Hii ya tairi iliyokosa upepo chini ya mzigo mzito ina kinga, nayo ni kipimo kinachoenea mfukoni.

Usibadilishie tairi kwa simba

Baada ya Mtito Andei, barabara inapita baina ya mbuga mbili, Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ukibahatika utaona ndovu waliopakaa udongo mwekundu. Hapa ndipo simba wawili walipowala wajenzi wa reli, hadi walipouawa Desemba 1898. Mabaki yao yako katika jumba la makumbusho la Field, Chicago.

Si mahali pa kugundua kwamba spea yako haina upepo. Ikague nyumbani. Hakikisha jeki inaweza kuinua gari likiwa limepakiwa, na kwamba spana inazifungua nati zote.

Tazama pia umri wa tairi. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, tairi hiyo ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Mpira huzeeka hata usipotumika, nayo spea aghalabu ndiyo kongwe kuliko zote. Ukiona nyufa ubavuni, usiiamini kwa safari ndefu, hata kama meno yake yangali marefu.

Wenye kuingia mbugani hupunguza upepo ili tairi isizame kwenye mchanga. Hilo linafaa, mradi uende polepole. Kabla ya kurudi kwenye lami, urudishe upepo wote.

Karai lililoelea

Ukishapita Voi na Maungu utafika Mackinnon Road. Kando ya barabara na reli pana msikiti lilipo kaburi la Sayyid Baghali Shah. Husimuliwa kwamba alikuwa mfanyakazi wakati wa ujenzi wa reli, na kwamba karai la mzigo wake halikugusa kichwa chake. Lilielea juu yake, huku wenzake wakitazama kwa mshangao. Madereva wengi husimama hapo kuomba dua ya safari.

Simama nawe ukitaka, uombe. Lakini ukirudi kwenye gari kumbuka kwamba mzigo wako hauelei. Uko juu ya zile tairi nne, na dua haijamzuia mtu kuinama akazikagua.

Mlimani na baharini

Hatimaye unafika Mariakani. Malori yanaelekezwa kwenye mizani, wewe unapita. Mazeras, Miritini, Changamwe, kisha upepo wa bahari unakupiga usoni.

Hapa kuna jambo litakalowafurahisha wanafunzi wa fizikia. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya Mombasa ni nzito kuliko ya Nairobi, na kipimo cha tairi husoma tofauti kati ya kani ya hewa ya ndani na ile ya nje. Kwa hivyo tairi iliyotiwa pauni 36 Nairobi ingesoma pungufu kwa takriban pauni mbili na nusu ikifika Mombasa, hata kama haijatoboka.

Lakini Mombasa kuna joto. Kila nyuzi tano au sita hupandisha upepo kwa takriban pauni moja. Ukilinganisha asubuhi ya baridi ya Nairobi na asubuhi ya Mombasa, joto hurudisha karibu pauni mbili. Mambo mawili huvutana, na ukipima asubuhi ya kwanza huko Pwani utakuta pengo la pauni moja tu hivi.

Kwa hivyo ukikuta tairi moja imepungua kuliko wenzake, usilaumu bahari. Tafuta msumari.

Siku ya kurudi, pima tena tairi zikiwa baridi, kabla jua halijapanda. Uzihesabu na zile nazi na korosho. Ikiwa ulikunywa maji lita 80 na hukuyarejesha, umepata nafasi ya kilo 80. Ikiwa umempa mtu lifti, huenda nafasi hiyo imekwisha.

Kipimo cha upepo si ghali, na kazi nzima ya kupima tairi nne na spea haifiki nusu saa. Mkabidhi mwanao kazi ya kuandika namba katika daftari: tarehe, mahali, mbele, nyuma, spea. Atajifunza hesabu, na mtakuwa na kumbukumbu ya safari.

Lori litakalokupita Mlolongo lina dereva ambaye amelazimishwa na sheria kujua uzani wa kila ekseli yake. Wewe hujalazimishwa na mtu. Lakini abiria wako ni wale wale watakaokuita baba au mama jioni mkifika.

Safari njema.